Jumapili kwa Maman Aliyeuza Sauti

Kwa muda wa miezi kumi na moja, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na kadi ya ukaazi, niliamini kwamba bibi Mjapani aliyekaa chini ya chumba changu huko Etterbeek, Brussels, alikuwa ameuza sauti yake. Sisemi kwa mafumbo. Niliamini kwamba aliiuza kama mtu anavyouza baiskeli: kwa mkataba, mbele ya mashahidi, mhuri mwekundu chini ya karatasi, na kwamba tangu siku hiyo hakuwa na haki ya kutamka hata "bonjour", kwa sababu sauti ilikuwa mali ya mwanaume mmoja huko Tokyo. Aliyenipa habari hiyo ni Papa Crispin, kinyozi wa Galerie d'Ixelles, na alinipa huku mkasi wake ukipiga kelele karibu na sikio langu. Mtu mwenye mkasi karibu na sikio lako, humbishii.

Papa Crispin tumemzika mwaka huu, siku ya baridi ya kupasua mawe, na kwenye ukumbi wa matanga kila rafiki aliombwa aseme neno. Wengine walisema alikuwa mkarimu. Mmoja alisema alikuwa mcha Mungu, watu wakatazama chini. Mimi nilisimama nikasema nitawasimulia uongo mkubwa kuliko wote alionidanganya, na nilipoanza kuusimulia nikaona mwaka mzima unarudi: ngazi za nyumba ile, harufu ya kafuri, sufuria ndogo ya buluu. Nilichokisema ukumbini kilikuwa kifupi, watu walikuwa na njaa. Hapa nitakisema kirefu.

Ya nyumbani Lubumbashi siyaandiki; kila mtu ana ya kwao. Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mchana niliosha vyombo kwenye kantini ya ofisi moja kubwa karibu na Schuman, na jioni nilikaa kwenye dawati la shule ya jioni nikitafuta diploma ya sekondari niliyopaswa kuipata nikiwa na miaka kumi na minane. Kantini ile ililisha watu milioni mbili kila siku, au tuseme mia nane. Sikuwahi kuona uso wa hata mmoja. Sinia zilinijia kwenye ukanda wa mpira, zikipenya katika tundu la ukutani lenye pazia la nailoni, na upande wa pili wa pazia nilisikia lugha zote za Ulaya zikicheka. Niliwajua watu kwa mabaki yao. Kulikuwa na mmoja aliyekula kila kitu isipokuwa karoti, akizipanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride. Siku asipokuja nilikuwa na wasiwasi kwamba anaumwa. Siku moja niliandika "bonjour" kwa haradali kwenye sahani safi nikaiweka juu ya rundo, nione kama kutakuwa na jibu. Msimamizi aliiona kwanza. Yeye aliniita "chef", kama alivyowaita wote wasiokuwa machef. Shuleni mwalimu alituita kwa majina ya ukoo, tena langu alilivunja vipande vitatu. Jina langu lenyewe, Déo, lilitamkwa mara moja kwa juma, Jumamosi, kwa kinyozi. Nadhani nilikuwa nanyoa nywele ambazo hazijaota, ili mradi nilisikie.

Ndipo Jumamosi moja Papa Crispin akauliza, "We Déo, sasa unakaa wapi?"

"Etterbeek, Papa. Kwenye mansarde, chini ya paa. Chini yangu kuna madame mmoja mzee wa Japon. Nina mwezi mzima pale, sijasikia sauti yake hata kidogo."

Mkasi ukasimama. "Na hautaisikia. Ile madame, banasema alikuwa actrice. Vedette! Filme za kwanza-kwanza za kwabo, zile za bila sauti. Bon. Jiulize mwenyewe: juu ya nini hazikuwa na sauti?"

"Mashine za sauti zilikuwa bado hazijafika."

"Mashine!" Aliwageukia wateja waliokuwa wakingoja kwenye benchi. "Munasikia muntu wa école du soir? Mashine!" Benchi zima likacheka. "Ya Bazungu njo ilikuwa mashine. Ya Japon ni ingine. Kule mwanaume alikuwa anasimama pembeni ya filme, anasema pa nafasi ya mwanamuke. Donc, mwanamuke akianza kucheza, sauti yake inauzwa kwa ule mwanaume. Contrat ya maisha yote. Akitosha hata neno moko, procès! Banamushitaki!"

"Hata leo? Na uzee wote ule?"

"Contrat ni contrat," alisema Papa Crispin, akarudi kwenye kisogo changu. Chanzo cha habari kilikuwa hakina shaka: alikuwa amewahi kumnyoa dereva wa ubalozi. Ubalozi wa nchi gani, sikuuliza.

Usicheke sana. Mtu anayekaa peke yake anahitaji sababu za ukimya, na hii ilikuwa sababu nzuri kuliko zangu. Nilipopanda ngazi zile zenye vidato elfu moja, nikapita mlango wake na kusikia saa tu ikigonga ndani, nilianza kujisikia kama jirani wa mfungwa wa heshima. Yeye alinyamazishwa na mkataba. Mimi nilinyamazishwa na nini? Hakuna mtu aliyeinunua yangu.

Tulikutana kwa sababu ya beseni langu la kunawia. Jumapili moja niliacha bomba wazi, maji yakafurika kama mto Lufira wakati wa masika, na dakika tano baadaye nilikumbuka kwamba sakafu yangu ni dari ya mtu. Nikashuka mbio. Akafungua mlango. Alikuwa na miaka tisini na kitu, mdogo kiasi kwamba ungeweza kumtia mfukoni na bado ukabaki na nafasi ya funguo, amevaa sweta mbili na soksi za sufu, na nyuma yake tone lilikuwa likianguka kwenye bakuli alilokwisha kulitega, taratibu, kana kwamba alilitarajia tangu zamani. Nilimwamkia, nikamwita Maman, nikaomba radhi kwa Kifaransa changu chote. Yeye akafungua kinywa.

Niliinua mikono yote miwili. "Hapana, Maman! Hapana! Najua yote, wamenieleza. Usijitie matatani kwa ajili yangu."

Akafunga kinywa. Akanitazama kwa muda mrefu, jinsi daktari anavyotazama ulimi. Halafu akaonyesha kiti.

Nilikaa saa tatu. Nilipangusa dari, nikapangusa sakafu, nikaongea. Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, nilikuta mlango uko wazi kidogo na vikombe viwili mezani, na tangu hapo hatukukosa Jumapili hata moja. Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolipia mwenyewe. Kilikuwa na harufu ya kafuri na majani ya chai yaliyokaangwa. Kulikuwa na viti viwili, meza fupi, kitanda nyuma ya pazia, redio iliyofunikwa kitambaa kama maiti, na ukuta mmoja uliojaa picha za msichana mmoja: akitembea na mwavuli, akilia kwenye mkono wa kanzu yake pana, akipanda farasi, akifa. Alikufa katika picha nyingi sana, kila mara vizuri. Mimi niliongea. Nilimweleza habari za mtu wa karoti, haradali, msimamizi, hesabu za kipeo cha pili zilizokuwa zikinila mifupa. Yeye alikunywa chai. Nikisema jambo la kuchekesha, mabega yake yalipanda na kushuka mara mbili. Nikitia chumvi nyingi mno, aligonga meza kwa ukucha, ko, nami nikapunguza sifuri moja.

Mwanzoni alinipa biskuti kavu. Jumapili ya tatu nililalamika, kwa utani, kwamba Ubelgiji nzima haina mtu anayejua kupika sombe, na nikamweleza majani ya muhogo yanavyotwangwa, mafuta ya mawese, samaki mkavu, kila kitu, nikimeza mate. Jumapili ya nne palikuwa na sufuria ndogo ya buluu mezani, na ndani yake, chini ya wali, sombe. Sombe ya kweli! Nilipiga kelele hadi njiwa wa paa wakaruka. Nilikula nikilia kidogo, na kabla ya kufika chini ya sufuria nilikuwa nimeshapata maelezo: Wajapani nao wanatwanga sombe. Jumamosi nilimpelekea Papa Crispin ugunduzi wangu. "Bajapani?" alisema bila kuinua macho. "Banakulaka sombe tangu zamani." Nikautangaza katika Matonge yote, mtaa wetu Wakongo. Hadi leo pengine kuna watu Brussels wanaoamini hivyo, na ninawaomba radhi.

Maisha yake niliyapata katika albamu. Marehemu mumewe, Mbelgiji mfanyabiashara wa hariri, alikuwa amebandika picha na kuandika chini ya kila moja kwa Kifaransa, mwandiko mwembamba, wino wa zambarau. Mimi nilisoma kwa sauti, naye Maman Orie, Orie likiwa jina lake la kwenye filamu, akafungua kurasa. Alianza akiwa na miaka kumi na sita. Wakati huo kwao sehemu za wanawake zilikuwa bado zikichezwa na wanaume, kama kwenye michezo yao ya jukwaani ya zamani, na kulikuwa na picha yake amesimama katikati ya wanaume wanne wamevaa kanzu za kike, wamejipaka poda, warembo kuliko yeye. Mume aliandika chini: "Walimfundisha kutembea kama mwanamke." Nilicheka hadi nikashika tumbo. Yeye alisimama, akavuka chumba mara mbili. Mara ya kwanza alitembea kama bibi wa miaka tisini. Mara ya pili alitembea kama wale wanaume walivyotaka, magoti yamebanwa, shingo imeinama kidogo upande mmoja, na naapa miaka sabini ilianguka sakafuni nyuma yake. Kisha akakaa, akashika magoti yake, akavuta pumzi.

Alicheza filamu mia nne. Ukucha uligonga. Filamu arobaini. Nyingi ziliungua katika moto uliofuata tetemeko lile kubwa lililobomoa Tokyo, nyingine ziliyeyushwa, nyingine zilisahauliwa tu katika maghala. Ilibaki moja, tena si nzima: dakika nne, ndani ya kopo la biskuti. Halafu filamu zenye sauti zikaja, na picha zake katika albamu zikapungua, na ghafla ni bandari, ni meli, ni harusi yenye mvua mbele ya manispaa. Katikati ya kurasa hizo palikuwa na picha ya mwanaume mnene amesimama kando ya kitambaa cheupe, mbele ya umati, mdomo wazi, upepeo wa mkononi ukiwa juu. Chini yake wino wa zambarau ulisema: "Huyu ndiye aliyekuwa sauti yake."

Hapo sikuhitaji tena dereva wa ubalozi. Nilimwonyesha picha kwa kidole. Maman Orie aliitazama, akavuta pumzi, akafungua kinywa kwa mara ya pili. Nami, kwa haraka ya mtu anayezuia mtoto kugusa jiko, niliifunga albamu. "Basi, Maman," nilinong'ona. "Kuta zina masikio."

Aliniwekea chai nyingine.

Baada ya Krismasi mwalimu wetu, Bwana Lucien, mtu mpole ambaye tai yake ilikuwa na chaki nyingi kuliko ubao, alitupa kazi ya mwisho. Kila mmoja achague mtu anayeishi karibu naye, aandike maisha yake, na mwezi wa sita ayaeleze mbele ya jopo. Nusu ya alama zote za diploma zilikuwa hapo. Niliinua mkono kabla hajamaliza: mimi nina mwigizaji wa Japani. Darasa lilipiga mluzi. Bwana Lucien alifurahi, kisha akaongeza, "Lakini kila ukurasa uwe na neno lake. Neno lake yeye, kutoka kinywani mwake. Maisha ya mtu bila neno lake ni tangazo la kifo."

Usiku ule sikulala, na mwezi ule sikulala vizuri. Bila neno la Maman Orie, hakuna diploma. Bila diploma, ni sinia na pazia la nailoni mpaka kiama. Hata hivyo, na hili sikulisema kwa mtu yeyote, diploma haikuwa kitu cha kwanza. Nilitaka aniite. Nilikuwa nimeongea mbele yake majuma yote yale, nimemwachia kila kitu changu mezani kama mtu anayemwaga mifuko, na sikujua kama jina langu lilikuwa limeingia ndani yake au limepita kama tramu. Ningeridhika na neno moja. Déo, basi. Nilisikie, niende zangu. Lakini neno hilo, kwa jinsi nilivyoamini, lingemletea mahakama.

Nilipeleka kesi kwa Papa Crispin, na Papa Crispin akaiamua palepale akichanganya sabuni. "Ni simple. Ule mwanaume wa kwanza amekufa, hein? Donc kiti kiko mutupu. Mwanaume mwingine akisimama pembeni ya filme, akasema pa nafasi yake, contrat inakufa. Sauti inarudia mwenyewe. Ni droit, ni sheria."

"Na ule mwanaume mwingine ni nani?"

"Weye, sasa! Muntu mwenye kinywa kama yako, unauliza?"

Bwana Lucien aliniazima projekta ya shule, nzito kama jeneza. Niliibeba kwenye tramu, nikaibeba kwenye vidato elfu moja, na Jumapili saa nane mchana nilifunga mapazia ya Maman Orie, nikatundika shuka lake ukutani juu ya zile picha, nikaivika filamu kwenye mashine. Kwa bahati mumewe alikuwa ameinakilisha kwenye utepe mwembamba wa siku hizi. Yeye alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti. Mimi nilisimama kando ya shuka, kama yule mnene wa kwenye picha. Kazi hiyo sikuwa mgeni nayo kabisa. Kwenye ukumbi wa parokia, utotoni, mapadri walipotuonyesha filamu, katekista wetu alisimama kando na fimbo akitutafsiria kila neno kwa Kiswahili. Kifaransa alikuwa hakijui vizuri, lakini sauti alikuwa nayo, na sisi watoto tulimwamini kuliko picha. Nikakohoa mara moja kama yeye. Mashine ikaanza kulia.

Ilikuwa hivi. Msichana anakunja koti la mwanaume. Mwanaume anatoka, hageuki. Msichana anarudi mezani ambako kuna bakuli mbili, anakaa, anakula kidogo, halafu anasogeza bakuli la yule aliyekwenda, kidogo tu, kana kwamba aliyekaa pale ameomba. Hakuna zaidi. Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa, na machozi, na laana kwa mwanaume. Nilipofungua kinywa yakatoka mengine, kwa Kiswahili, sauti nyembamba niliyokuwa sijui ninayo. "Umeenda," nilisema kwa niaba yake. "Hukusahau koti, umenisahau mimi. Nimeosha vyombo vyote. Nimeviosha tena. Chumba hiki nikikiamkia hakiniitikii. Kula, bwana. Kula, chakula kinapoa, hata kama haupo." Nilijua vizuri sana, wakati nikisema, ni nani aliyekuwa akisema. Nikatazama pembeni. Katika mwanga wa kijivu wa shuka midomo ya Maman Orie ilikuwa ikicheza. Ilicheza pamoja na midomo ya msichana wa ukutani, neno kwa neno, bila sauti.

Utepe ukaisha, ukabaki ukipiga, fya, fya, fya. Nikazima. Nikangoja. Mkataba ulikuwa umekufa, kiti kilikuwa na mtu, sasa ilikuwa zamu yake. Saa ya ukutani ilihesabu dakika tano, na sitii chumvi, niliitazama. Hatimaye Maman Orie alisimama, akaja hadi nilipokuwa, akachukua sufuria ya buluu iliyojaa sombe, akaniwekea mikononi, akaifunga mikono yangu juu yake kwa mikono yake miwili. Akafungua mapazia. Nilipanda chumbani kwangu, nikakaa kitandani nimeipakata sufuria, na sitaki kueleza jinsi ilivyokuwa.

Insha yangu ilikuwa na kurasa ishirini. Kila ukurasa niliacha mstari mmoja mtupu, mahali pa neno lake, nikisema moyoni kwamba bado kuna Jumapili. Mwezi wa sita ulifika na mistari ilikuwa mitupu yote ishirini. Kuijaza lilikuwa jambo la nusu saa. Mimi, mtu anayeweza kumfanya mbuzi kuwa ng'ombe na ng'ombe kuwa basi! Nilishika kalamu mara saba. Lakini niliwaza kwamba sauti yake ilikwisha chukuliwa mara moja, na mimi nisiwe mwizi wa pili. Jopo la watu watatu lilisikiliza maelezo yangu na kucheka mahali pa kucheka. Kisha Bwana Lucien akafungua kurasa moja baada ya nyingine.

"Na hapa? Alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu, Bwana."

"Na hapa?"

"Hakuniambia kitu."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima," nilisema, na hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema hadharani. Walinipa kumi juu ya ishirini. Nilipita kwenye tundu la sindano, lakini nilipita, na kwa diploma ile nilitoka nyuma ya pazia la nailoni na kukaa mapokezi, mahali ambapo watu wana nyuso.

Siku ileile ya jopo nilikwenda mbio kumwambia Maman Orie. Ilikuwa Ijumaa, si siku yetu, lakini nilibisha. Aliyefungua alikuwa fundi wa rangi. Ukuta wa picha ulikuwa mweupe, na harufu ya kafuri ilikuwa imeliwa na harufu ya rangi. Maman Orie alichukuliwa hospitali Jumatatu, akafa Jumanne, jamaa wa mumewe wakamzika Alhamisi wakati mimi nakariri miaka ya filamu zake kwa ajili ya jopo. Na sufuria ya buluu, niliyopewa tena Jumapili iliyopita, ilikuwa bado kwangu, imeoshwa, ikisubiri Jumapili.

Haya, kwa ufupi zaidi, ndiyo niliyoyasema kwenye matanga ya Papa Crispin. Watu walicheka sana, hasa pale kwenye Wajapani na sombe. Nilipofika kwenye sufuria, mama mmoja aliyekuwa akigawa wali upande wa pili wa ukumbi aliweka upawa chini. Alikuwa mnene, kilemba cheusi, miaka yangu au zaidi kidogo. Akaja hadi mbele yangu, mikono kiunoni.

"Kasufuria ka bleu," alisema. "Mukono moya umevunjika, njo?"

"Ndiyo, Maman. Ulijuaje?"

"Nijue namna gani! Ni kangu! Miaka yote nilikuwa najiuliza mwizi ni nani." Akageukia watu. "Njo huyu! Déo wa dimanche, wa Jumapili!"

Hivyo ndivyo nilivyomjua Maman Béatrice wa Bukavu, garde-malade aliyemtunza Maman Orie, akifika nyumba ile Jumatatu hadi Ijumaa saa tatu asubuhi na kuondoka saa tisa, wakati mimi nikiwa nyuma ya pazia langu na sinia. Mwaka mzima tulipanda ngazi zilezile bila kuonana. Tulikaa kwenye viti vya plastiki karibu na mlango, na nikamwomba radhi kwa ajili ya sufuria, na nikamuuliza, kwa aibu, maana sehemu yangu ndogo ilikuwa bado inaamini, kama angalau yeye aliwahi kuuona ule mkataba.

"Contrat gani?" alisema. "Déo, mbele ya Mungu. Ule maman hakuuza kitu. Anasemaka! Ananisemesha asubui mupaka natoka, kichwa kinaniluma. Français yake ilikuwa inapita ya kwangu. Kila lundi, nyuma ya Jumapili yako, hata koti sijatosha: 'Déo alikuja. Déo alisema hivi. Béatrice, kwenu sombe wanapikaje, Déo anaitaka.' Vendredi yote, Ijumaa kwa Ijumaa, nilikuwa natwanga juu yako."

Nikakisogeza kiti changu karibu na chake.

"Ile ya filme alinielezea siku mbili," akaendelea. "Hakuelewa hata neno moya la Kiswahili. Aliniambia, 'Alikuwa anasema yake mwenyewe.'"

"Sasa kwa nini na mimi hakusema?"

"Mbele-mbele alijaribu. Mara mbili. Weye njo ulimukataza." Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Nyuma nilimuuliza: Maman, ule mutoto wa juu anateseka kungoja neno yako, juu ya nini haumusemeshe? Alinijibu: 'Mimi niko na wewe siku tano. Yeye ana Jumapili tu. Mwache aseme.'"